Jangwa Lenye Minazi

Nikifika hotelini, kabla sijafungua begi, huingia bafuni, nikafungua bomba la kuogea, nikakinga maji kiganjani na kuyaonja. Ni tabia niliyoipata kazini, na sijaona sababu ya kuiacha, kwa sababu ulimi hujibu upesi maswali ambayo mtu wa mapokezi hawezi kuyajibu. Maji yakiwa na chumvi ya mbali, na sabuni ikagoma kutoa povu, najua kuna kisima nyuma ya jiko na mota yake inavuta kupita kiasi. Yakiwa hayana ladha yoyote, mepesi mdomoni kama ya mvua, najua kuna mtambo mahali fulani unaochuja bahari, na bili ya umeme inayoendana nao. Yakinuka klorini na plastiki iliyopigwa jua, yameletwa na boza, na hapo swali linalofuata ni hili: boza lilijazwa kwenye kisima cha nani?

Hoteli za kifahari za mchangani, ziwe za jangwani au za ufukweni, huuza vitu vingi: ukimya, mandhari, kitanda kipana, machweo. Lakini bidhaa inayozibeba zote hizo haiandikwi kwenye tangazo. Ni maji baridi, yale yasiyo na chumvi, mahali ambapo kwa asili yake hayapo au ni machache. Bila hayo hakuna bustani, hakuna bwawa la kuogelea, hakuna shuka nyeupe. Nimeyashughulikia maji haya kwa miaka mingi, Unguja na ng'ambo ya pili, Oman na Dubai, na kuna jambo moja ambalo limekuwa likinisumbua kwa muda wote huo. Hoteli ya jangwani inajua kwamba iko jangwani. Ya kwetu haijui.

Ukanda wa mashariki wa Unguja, kutoka Nungwi na Matemwe, kushuka Kiwengwa, Bwejuu, Paje na Jambiani hadi Makunduchi, kwa hesabu ya maji ni jangwa. Ni jangwa lenye minazi, na mvua inanyesha, ndiyo maana linatudanganya. Mgeni anaona kijani na bahari, anadhani maji yamejaa. Mwekezaji anaona hivyo hivyo. Lakini ardhi ile ni jiwe la matumbawe, maweni, au uwanda kama wanavyoita wenyeji: udongo kiganja kimoja, chini yake jiwe lenye matundu kama sifongo. Mvua ikinyesha haikai juu. Hupenya, hushuka, na hukutana na bahari ambayo nayo imepenya kutoka upande wa pili.

Hapo chini ndipo penye siri ya pwani yote. Maji ya mvua ni mepesi kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo hayachanganyiki nayo mara moja. Huelea juu yake, kama mafuta juu ya mchuzi. Hufanya tabaka lenye umbo la dengu: nene katikati ya kisiwa, jembamba kabisa ufukweni. Mholanzi Badon Ghijben aliandika hesabu ya jambo hili mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Herzberg akaifikia kwa njia yake mwaka 1901. Kwa wastani, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hukaa juu ya mita 40 hivi za maji baridi zilizo chini ya usawa huo. Isome kinyume uone ukali wake. Ukivuta maji hadi uso wa kisima ushuke mita 1, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 40 kukufuata. Ufukweni, ambako tabaka lenyewe halina unene huo, chumvi haihitaji kupanda sana. Tayari iko mlangoni.

Nilisoma hesabu hii darasani, lakini niliielewa kisimani. Nilikuwa kijana, nimetumwa kupima visima vya kijiji kimoja cha kusini, nina mita yangu ya kupimia chumvi na daftari. Bi mkubwa mmoja alikuwa akiteka maji. Nikajitolea kumsaidia, nikaitupa ndoo kwa nguvu ili izame upesi. Akanishika mkono.

“Usiizamishe, mwanangu. Ilaze tu juu, maji yaingie yenyewe. Ukiizamisha utatuletea ya chini.”

Nikailaza. Maji yakaingia taratibu kwa ukingo mmoja, ndoo ikajaa robo tatu, nikaipandisha. Baadaye nikashusha mita. Juu, maji mazuri. Mita mbili chini, mita ikaanza kupanda, na kuendelea chini ikapanda zaidi. Bi mkubwa hakuwahi kumsikia Herzberg, lakini alijua kwa mkono wake kwamba kisima chake kina uso na kina tumbo, na kwamba tumbo si lake. Wanawake wa pale walijua pia saa za kuteka, kwa kuwa bahari ikijaa na kupwa, kisima cha maweni nacho hupanda na kushuka. Teknolojia nzima ya kuishi juu ya tabaka jembamba la maji ilikuwa katika mkono uliojua kulaza ndoo.

Sasa fikiria mota. Mota ni ndoo iliyozamishwa, ikakaa chini, ikavuta saa 20 kwa siku. Maji baridi yanayozunguka hayawahi kujaza pengo, chumvi inapanda chini ya bomba kama kichuguu, na siku moja mpishi anasema chai ina ladha mbaya. Mwenye hoteli anachimba kisima cha pili, mita 50 kutoka cha kwanza, katika tabaka lile lile. Baada ya miaka michache anachimba cha tatu, safari hii mbali zaidi, ndani ya nchi kavu, karibu na mashamba. Pale ndipo wanapoteka watu.

Takwimu za jambo hili zipo, na si za jana. Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha uchunguzi wake wa pwani ya mashariki ya Unguja. Alikuta mtalii mmoja anatumia wastani wa lita 685 kwa siku. Kilichonishtua zaidi ya wingi huo ni mgawanyo wake: katika hoteli, nusu ya maji ilikwenda kumwagilia bustani. Wanywaji wa kwanza hawakuwa wageni wenyewe, walikuwa ukoka na maua. Mwaka 2012 shirika la Uingereza, Tourism Concern, lilitoa ripoti yake: kaya ya kawaida katika vijiji lilivyochunguza ilitumia lita 93.2 kwa siku, chumba kimoja cha nyumba ya wageni lita 686, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota 5 hadi lita 3,195. Gawa mwenyewe. Chumba kimoja kilikunywa sawa na kaya 34.

Tangu wakati huo wageni wameongezeka sana. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000, katika visiwa ambavyo sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Nataka nieleweke hapa. Siupingi utalii. Umewalisha ndugu zangu, umenilisha na mimi. Mota nilizozifunga zilinisomeshea watoto. Ninachokipinga ni kujenga juu ya tabaka la maji bila kujua unene wake.

Turudi kwenye ukoka, maana ndio hasa uliobeba kosa. Ukoka unataka udongo unaoshika maji. Uwandani hakuna udongo huo, kwa hiyo hoteli huleta malori ya udongo, huutandaza juu ya jiwe, hupanda nyasi, kisha humwagilia alfajiri na jioni. Maji unayoyamwaga yanafanya mambo mawili: sehemu hupaa na jua na upepo, sehemu hupita kwenye udongo ule mwembamba na kuzama jiweni kabla mizizi haijayanywa. Mtunza bustani akiona majani yanageuka manjano anaongeza maji. Halaumiwi, ameajiriwa ili pawe kijani. Na misimu nayo imekaa vibaya. Mvua zetu ni masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Wageni wengi huja Juni hadi Oktoba, na tena mwishoni mwa Desemba hadi Februari, yaani huja kwa sababu hakuna mvua. Hoteli inajaa watu wakati ule ule ambao tabaka la maji linapungua na upepo unakausha bustani. Mito mikubwa ya dunia hubeba tofauti za namna hii. Dengu la maji lililo chini ya Paje haliwezi.

Mabwawa ya kuogelea watu huyalaumu zaidi kwa sababu yanaonekana. Kwa hesabu yangu si mkosaji mkuu. Bwawa la mita za mraba 100 likipoteza milimita 5 kwa siku kwa jua, ni lita 500, nyingi kweli, lakini bustani ya ukoka ya hoteli hiyo hiyo huzimaliza lita hizo kabla ya kifungua kinywa. Na kile kibao cha bafuni kinachomwomba mgeni asitupe taulo sakafuni ili tuokoe maji, sina ubaya nacho, ila kimewekwa mahali pasipo na tatizo kubwa. Kingesimamishwa bustanini.

Sasa twende jangwani. Dubai ilifungua mwaka mmoja, 1999, hoteli mbili zilizokuja kufungua njia kwa nyingine nyingi. Moja ni Burj Al Arab, yenye umbo la tanga, imesimama juu ya kisiwa walichokitengeneza kwa mkono mbele ya ufukwe. Nyingine ni Al Maha, ndani ya mchanga, vyumba vyake vina umbo la hema la Kibedui na kila kimoja kina bwawa lake dogo, na mbele ya mgeni wanapita choroa wa Kiarabu, mnyama aliyekwisha kabisa porini kabla ya kurudishwa. Kule mvua ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 100. Moja ya pwani, moja ya jangwani, na Dubai inayozibeba inakunywa bahari. Karibu maji yote ya Dubai hutengenezwa viwandani kutoka baharini, na kituo cha Jebel Ali peke yake kina uwezo wa kutoa zaidi ya lita bilioni 2 kwa siku.

Mtu akiniambia kwamba huo ni ubadhirifu, simbishii. Kuchuja mita 1 ya ujazo ya maji ya bahari kwa mitambo ya kisasa ya utando kunahitaji umeme wa kilowati-saa 3 hadi 4, na mitambo ya zamani ya kuchemsha inakula nishati nyingi zaidi. Kisha kuna mabaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ambao ulishirikisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, ulikadiria kwamba kwa kila lita 1 ya maji baridi inayotoka mitamboni duniani, hutoka lita 1.5 za maji ya chumvi kali, na zaidi ya nusu ya chumvi hiyo inatoka nchi 4 tu: Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Kuwait na Qatar. Ghuba ni bahari fupi kwa kina na tayari ina chumvi nyingi. Hilo ni deni, na samaki ndio wanaoanza kulilipa.

Lakini kuna kitu jangwani ambacho nimekitamani kwa ajili ya nyumbani. Kule kila lita ina cheti cha kuzaliwa. Imetengenezwa kiwandani, imepita kwenye mita, ina bei. Fundi wa hoteli ya Dubai ukimwuliza jana wametumia maji kiasi gani, anafungua kompyuta anakuonyesha, chumba kwa chumba, jiko, dobi, bustani. Na kwa sababu ina bei, haimwagwi mara moja ikaisha. Maji ya mabafu na vyoo husafishwa, yakapewa kazi ya pili. Miti na maua unayoyaona kando ya barabara za Dubai na Muscat, mengi yake yamemwagiliwa na maji taka yaliyosafishwa. Hoteli nyingi za kwetu nilizozifungulia mifuniko hufanya kinyume. Maji ya kisima, yale ambayo kijiji kinayahitaji kunywa, yanakwenda bustanini. Na maji yaliyokwisha kutumika yanakwenda kwenye shimo, kutoka shimoni yanapenya jiwe la matundu, na sehemu yake inarudi kwenye tabaka lile lile au inatokea baharini, kwenye maji mafupi ambako wanawake wamefunga kamba zao za mwani.

Kuna hoteli moja ya ufukweni, sitaitaja, ambako nilipewa kazi ya kutafuta kwa nini mota zinaungua. Nikauliza daftari la mita. Hapakuwa na mita. Visima vitatu, hoteli kubwa, na hakuna mtu katika jengo lile aliyeweza kuniambia wanavuta lita ngapi, hata kwa kukisia. Walijua kwa hakika idadi ya vijiko.

Oman ina somo la zamani zaidi, na kwa Wazanzibari wengi ni somo la babu zao. Watu waliotoka Nizwa, Ibra na kwingineko Sharqiya kuja kuishi pwani yetu walitoka katika miji iliyojengwa juu ya falaji, mfereji unaochukua maji chini ya mlima na kuyatembeza kwa mteremko mdogo hadi kijijini. UNESCO iliziingiza falaji tano kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na zinazofanya kazi hadi leo bado ni karibu 3,000. Uhandisi wake unasifiwa na wengi. Mimi nasifu utaratibu wake. Mfereji unapoingia kijijini, mahali pa kwanza ni pa kuteka maji ya kunywa, wazi kwa kila mtu, mwenye shamba na asiye nalo, mpita njia pia. Kisha msikiti, kisha mahali pa kuogea na kufulia. Baada ya hapo ndipo maji yanafika kwenye mitende na mashamba, na huko hugawanywa kwa muda, fungu moja la kama nusu saa likiitwa athari, likihesabiwa zamani kwa kivuli cha mti mchana na kwa nyota usiku. Shamba ni mali, na mali ina zamu yake. Koo la binadamu halina zamu.

Pima utaratibu huo na wa ufukweni kwetu. Kisima kirefu na mota kubwa viko upande wa bustani. Kijiji kiko mwisho wa bomba, kinapata maji umeme ukiwepo. Tumeupindua mfereji.

Na mtu asije akasema kwamba anasa ya maji ni jambo la kigeni ambalo hatulijui. Kilwa, juu ya mwamba unaotazama bahari, kuna magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, na linahusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Neville Chittick alilichimbua katika miaka ya 1960. Ndani yake kuna bwawa la kuogea lenye pembe 8, limekaa karibu na ukingo wa mwamba, upepo wa bahari unapita juu yake. Hapakuwa na mota. Kila ndoo iliyoingia mle iliinuliwa na mkono wa mtu, na kwa hiyo bwawa lilikuwa dogo kama mkono ulivyoruhusu. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliona visima milangoni mwa misikiti, na watu wakiosha miguu kabla ya kuingia. Majumba ya mawe ya Lamu yalikuwa na birika bafuni, na ndani yake samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Wazee wetu walioga vizuri. Walijua tu kwamba maji yanahifadhiwa kabla hayajatumiwa.

Lamu inanipa mfano mwingine ambao nauogopea. Mji ule unakunywa mchanga. Vilima vya mchanga vya Shela, vile wageni wanavyovipiga picha kwa kuwa vinafanana na jangwa, ndivyo vinavyopokea mvua, kuichuja na kuitunza; visima vinavyolisha mji viko pale. Jangwa na ufukwe vimekutana mahali pamoja, na ndani yake mna tangi. Kila jumba la kifahari linalopandishwa juu ya vilima vile, pamoja na shimo lake la choo, limejengwa juu ya tangi la watu. Sihitaji utafiti mwingine kulisema hilo, na sioni cha kujadiliana.

Jibu ambalo wawekezaji hunipa siku hizi ni mtambo wa kuchuja bahari. Tuwe Dubai, wanasema. Baadhi ya hoteli za Unguja tayari zinao, na kwa hoteli kubwa ya ufukweni nauona ni heri kuliko kisima cha nne. Ila mtambo unataka umeme usiokatika, na umeme wa Unguja unapita chini ya bahari. Waliokuwepo hawajasahau Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima gizani kwa miezi mitatu, mota za visima zimenyamaza, foleni za madumu kila penye kisima cha kamba. Kebo mpya ya mwaka 2013 imesaidia, lakini bado tunaning'inia baharini. Na yale maji ya chumvi kali yatamwagwa wapi? Ukanda wa mashariki una miamba iliyofunga maji mafupi. Bahari ikipwa unaweza kutembea mbali sana bila kulowa magoti. Ukiyamwaga mle unayamwaga juu ya mwani na majongoo na pweza wa watu. Bomba lazima lipite mwamba, lifike kwenye maji makuu, na bomba hilo ni ghali, na katika mipango mingi ninayoletewa halimo.

Kwa hiyo mtambo uje mwisho, baada ya hesabu nyingine. Mfano bora uko mbele ya macho yetu. Chumbe, kisiwa kidogo upande wa magharibi wa Unguja, hakina kisima cha maji baridi hata kimoja. Hifadhi yake ya matumbawe ilitangazwa mwaka 1994, na wageni wakaanza kupokelewa mwaka 1998. Wana vibanda 7 tu. Paa la kila kibanda ndilo kisima chake: mvua inatiririka juu ya paa, inachujwa, inaingia kwenye birika lililo chini ya sakafu. Mgeni anaoga maji ya masika aliyolala juu yake. Vyoo havitumii maji. Maji ya kuogea yakishatumika yanapita kwenye kitanda cha mimea kabla ya kuruhusiwa kwenda ardhini. Na watu wanalipa fedha nyingi kulala pale, wakiondoka wanasimulia.

Niliwahi kufanya hesabu ya paa. Tuchukue chumba chenye paa la mita za mraba 40, na mvua ya milimita 1,200 kwa mwaka, ambayo ni hesabu ya uangalifu. Ukikinga asilimia 80 unapata lita 38,400. Kwa chumba kile cha lita 3,195 kwa siku, maji hayo yanatosha siku 12. Kwa wageni wawili wanaotumia lita 50 kila mmoja, kuoga vizuri, kunawa, kunywa, yanatosha mwaka mzima. Paa ni lile lile na mvua ni ile ile. Ili kuvuka miezi minne ya ukavu kuanzia Juni, chumba hicho kinahitaji birika la kama lita 12,000, yaani shimo la mita 3 kwa 2 kwa 2 chini ya baraza. Wachimbaji wa hoteli huchimba zaidi ya hapo kwa ajili ya bwawa.

Najua hoteli ya vyumba 200 haiwezi kuwa Chumbe. Lakini inaweza kuacha ukoka. Uwanda una mimea yake: mkadi, mdaa, mvinje, mkungu, mbuyu, ambayo ilikuwa pale kabla ya bomba na haikumwomba mtu maji. Kule Siwa, jangwa la magharibi ya Misri, kuna nyumba ya wageni iitwayo Adrère Amellal, imejengwa kwa kershef, tope na chumvi vya pale pale, haina taa za umeme vyumbani, usiku ni mishumaa, na bwawa lake la kuogelea ni chemchemi. Bei yake si ya maskini. Mwenye nyumba hiyo alielewa kwamba mgeni aliyesafiri hadi jangwani hakufuata nyasi alizoziacha nyumbani kwake. Hata anayekuja Matemwe hakufuata nyasi.

Serikali nayo ina kazi yake. Mamlaka ya Maji, ZAWA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Ninachokiomba, na nimekiomba katika vikao vingi, ni vitu vya kawaida. Kila kisima cha hoteli kiwe na mita, na mita isomwe na mtu asiyelipwa na hoteli. Lita za kwanza ziwe na bei nafuu, zinazofuata zipande. Chumvi ya visima ipimwe kila mwezi, vya hoteli na vya vijiji jirani pamoja, na namba zibandikwe kwa sheha ambako kila mtu anaweza kuzisoma. Boza linalojaza kijijini liandikwe limejaza wapi na limemwaga wapi. Na kabla ya ramani ya hoteli mpya kugongwa muhuri, aje mtu na mita aonyeshe tabaka la maji chini ya kiwanja lina unene gani mwezi wa Septemba, si mwezi wa Mei.

Kiangazi kilichopita meneja mmoja aliniita nikamchimbie kisima cha tatu. Badala ya kwenda na mashine nilikwenda na mita na kamba yenye alama. Tukakaa wawili ukingoni mwa kisima chake cha pili, nikashusha, yeye akasoma namba za chumvi. Uso wa maji: 900. Mita moja na nusu chini: 2,400. Mita nne: 11,000. Akaniuliza bahari ni ngapi. Nikamwambia kama 50,000. Akashusha tena mwenyewe, mara mbili, kana kwamba namba ingebadilika.

“Hiki cha tatu kikichimbwa kule juu?” akauliza.

“Kule juu ndiko kijiji kinakoteka.”

Hatukuchimba. Wiki iliyofuata alipiga simu kuuliza miche ya mkadi inapatikana wapi, na kama mita za visima naziuza mimi au anunue mjini. Nikamwelekeza duka. Nusu ya ukoka wake imeng'olewa sasa, nusu nyingine bado inamwagiliwa asubuhi. Kisima cha kijiji, mita 300 kutoka ukuta wa hoteli, nilikipima siku ile ile tuliyokaa kisimani: uso wake ulikuwa 1,700. Nitakipima tena masika yakipita.